Kumtumainia Mungu kwa Baraka Zinazozidi Tunayoomba

Msimu wa kupanda unapokaribia hapa Ngara na Biharamulo, sala za nyumba nyingi hufanana. Tunaomba mvua inyeshe kwa wakati. Tunaomba maharage yasikauke kabla ya kutoa maua, mtoto mdogo apone homa, na mkubwa apate ada na sare za shule. Tukishasema hayo tunasema Amina, tunazima taa, tunalala.

Sala hizo ni njema. Yesu mwenyewe alitufundisha kuomba riziki ya siku. Lakini katika ujumbe na salamu za wasikilizaji wetu kuna swali linalorudi mara kwa mara, nalo si dogo: je, inafaa kumwomba Mungu makubwa kuliko haya? Mkristo mwenye ekari moja ya migomba na deni kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, akimtarajia Mungu kwa baraka inayozidi mahitaji yake, je, huyo ana imani au ana tamaa? Na mwingine anauliza kwa uchungu zaidi: nimeshatarajia makubwa nikaambulia patupu, kwa nini nitarajie tena?

Katika makala hii tunajaribu kujibu kwa njia mbili. Kwanza tutaangalia Maandiko yanasema nini hasa, maana kuna aya inayonukuliwa sana bila kusomwa na jirani zake. Pili tutaangalia historia ya eneo letu hili, kwa sababu Mungu ametenda mambo hapa na ng'ambo ya mto Kagera ambayo vijana wengi hawajasimuliwa.

Kwa nini tumezoea kuomba kidogo

Tuwe wakweli. Watu wa huku wana sababu za kuogopa kutarajia. Mwenye shamba la migomba anakumbuka ugonjwa wa mnyauko ulivyoingia Kagera miaka ya 2000 ukamaliza mashamba yaliyolisha familia kwa vizazi. Watu wa Ngara wamesikia habari za nikeli ya Kabanga tangu miaka ya 1970, na wapo waliozeeka wakisubiri utajiri huo utoke ardhini. Mtu aliyesubiri miaka mingi hujifunza kuteremsha matarajio yake ili asiumie.

Iko sababu nyingine, nayo inatokana na mahubiri. Wapo waliofundishwa kwamba ukipanda mbegu ya fedha madhabahuni utavuna mara mia, wakauza mbuzi au kipande cha shamba, na mavuno hayakuja. Baada ya hapo mtu anaweza kuendelea kwenda kanisani kila Jumapili, lakini moyoni ameshafunga mlango. Hathubutu kuomba kubwa tena. Anaona aibu, na anaogopa kudanganywa mara ya pili.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya baraka zinazozidi matarajio, hatutaki kumrudisha mtu huyo kwenye mtego uleule. Tunataka kuuliza upya: Mungu ameahidi zaidi ya nini?

Aya inayopendwa na mahali ilipoandikwa

Aya yenyewe ni Waefeso 3:20. Mtume Paulo anasema pale kwamba Mungu aweza kutenda kupita kiasi, zaidi ya yale tunayoomba na hata yale tunayoyawaza. Aya hii imeandikwa kwenye kalenda, kwenye vitenge vya kwaya na kwenye vioo vya daladala. Mara nyingi imesimama peke yake, na ikisimama peke yake kila mtu anaijaza analotaka: gari, nyumba ya bati la rangi, visa.

Turudi nyuma kidogo katika sura hiyohiyo. Katika aya ya 1 Paulo anajiita mfungwa. Katika aya ya 13 anawasihi Waefeso wasikate tamaa kwa sababu ya dhiki zake. Kuanzia aya ya 14 anapiga magoti na kuomba. Anaomba nini? Anaomba waimarishwe katika utu wao wa ndani, Kristo akae mioyoni mwao, wawe na shina katika upendo, na waujue upendo huo ambao hauishi kupimwa. Baada ya maombi hayo ndipo anasema Mungu aweza kuzidisha.

Mtu aliyeandika maneno makubwa kuliko yote kuhusu baraka alikuwa kifungoni alipoyaandika. Hakusema minyororo yake ilikatika asubuhi iliyofuata. Hata hivyo aliamini kwamba maombi yake, yaliyokuwa makubwa tayari, yalikuwa madogo ukilinganisha na uwezo wa Mungu. Tena lugha yake ni ya wengi: sisi tunaoomba, nguvu inayofanya kazi ndani yetu, utukufu katika kanisa. Hakuiandika aya ile kwa ajili ya mtu mmoja aliyejifungia na orodha yake.

Mifano mitatu ya kuangalia

Mfano wa kwanza ni mama mjane katika 2 Wafalme 4. Mumewe, aliyekuwa miongoni mwa wana wa manabii, amekufa na kuacha deni. Mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nyumbani amebakiwa na chupa ya mafuta tu. Elisha anamwambia akaazime vyombo vitupu kwa majirani wote, wala visiwe vichache. Mama anafunga mlango na kumimina, na mafuta yanaendelea kutoka mpaka mwanawe anapomwambia hakuna chombo kingine. Hapo mafuta yanakoma. Yule mama alitaka deni liishe, watoto wasichukuliwe. Alipata hilo, na kilichobaki kikawatosha kuishi.

Tuangalie mambo mawili. Baraka ilipimwa kwa vyombo alivyokusanya. Na vyombo vile havikuwa vyake, vilikuwa vya majirani. Ilibidi atoke, abishe hodi, aonekane mhitaji. Mama aliyeona aibu kuazima sufuria angepata mafuta ya sufuria moja.

Mfano wa pili ni Hana katika 1 Samweli 1. Aliomba mtoto mmoja wa kiume, akamtoa kwa Bwana hata kabla hajapata mimba. Samweli akawa nabii wa taifa zima, jambo ambalo Hana hakuliomba. Na sura ya 2 aya ya 21 inatuambia alizaa tena watoto watano, wana watatu na binti wawili. Kilichozidi kilikuja baada ya kukiachilia kile alichokililia.

Mfano wa tatu unachekesha kidogo, na tunaupenda kwa sababu unatufanana. Katika Matendo 12 Petro amefungwa na Herode, na kanisa linamwombea kwa juhudi usiku. Malaika anamtoa. Petro anakuja kubisha mlangoni. Mjakazi aitwaye Roda anaitambua sauti yake, na kwa furaha anasahau kufungua, anakimbia kuwaambia wenzake. Wale waliokuwa wakiomba wanamwambia amerukwa na akili! Jibu la maombi limesimama nje linabisha, na waombaji wanabishana na msichana wa kazi. Hapo tunajifunza kwamba Mungu hakungoja imani yao ikamilike. Alijibu zaidi ya walivyoamini. Yeyote mwenye imani nusunusu, na wengi wetu tumo humo, asijihesabu amefungiwa nje.

Kutoka Gahini hadi Katoke

Sasa tuje karibu na nyumbani. Ukivuka daraja la Rusumo na kuelekea kaskazini katika upande wa mashariki wa Rwanda, utafika Gahini, kando ya ziwa Muhazi. Mwaka 1928 alifika huko daktari kijana wa misheni ya Kianglikana, Mwingereza Joe Church. Alikuta njaa kali. Alifanya kazi mpaka akachoka mwili na roho. Mwaka 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na huko Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa na njaa ya namna nyingine. Nsibambi alitaka kumjua Roho Mtakatifu zaidi. Wale wawili walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja.

Waliomba nini? Hawakuomba kuanzisha vuguvugu la nchi tano. Kila mmoja alijiona mkavu, akaomba ajazwe yeye. Daktari akarudi Gahini kwenye hospitali yenye shida zilezile.

Moja ya shida hizo ilikuwa ugomvi kati ya wafanyakazi. Msaidizi mkuu wa hospitali, Yosiya Kinuka, alikuwa amechoshwa na mambo ya pale. Mwaka 1931 alikwenda kumwona Nsibambi Kampala, akamweleza ubaya wa hospitali. Nsibambi, badala ya kuzungumzia hospitali, alimgeuzia swali juu ya moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine, akaanza kuomba msamaha kwa wenzake. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu palepale Gahini. Polepole moto ukawaka. Kufikia miaka ya katikati ya 1930 watu walikuwa wakitubu hadharani, wakirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya siku nyingi, na wazungu wakiomba msamaha kwa Waafrika, jambo lisilozoeleka kabisa katika utawala wa kikoloni.

Kigozi alifariki kwa homa Januari 1936, akiwa bado kijana. Neno lake kwa Kanisa la Uganda, kwa Kiganda Zukuka, yaani amka, lilibaki na kufanywa mwito wa kanisa hilo. Wale waliookoka waliitwa Balokole Uganda, na huku kwetu Walokole.

Mwaka 1939 timu kutoka Rwanda ilifika Katoke, chuo cha ualimu cha Waanglikana kilichokuwa chini ya wamisionari wa Australia. Katoke leo iko wilaya ya Muleba, jirani na Biharamulo, na walimu waliofunzwa pale walisambaa katika shule za vijiji za upande huu wote wa Ziwa. Uamsho ukaingia Tanganyika kwa njia hiyo, na haukukaa ndani ya uzio wa Waanglikana. Uligusa pia Walutheri wa Bukoba na Karagwe. Mmoja wa walioguswa, Josiah Kibira, baadaye alikuwa askofu, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani.

Tukiweka mambo haya kwenye mstari mmoja, tunaona watu wawili waliochoka wakiomba wajazwe. Baada ya miaka kumi maombi yao yamefika Katoke, na baada ya miaka hamsini matunda yake yanaonekana duniani. Hakuna aliyekuwa na mpango huo, na hata kama Nsibambi na Church wangekaa kuuandika, wasingeweza kuwaza mambo kama hayo.

Lakini tukumbuke mlango ulioipitisha baraka ile. Wafanyakazi wa Gahini walitarajia hospitali yenye utaratibu. Mungu alianza na mtu mmoja kukiri kwamba yeye ni sehemu ya tatizo. Wengi tunaomba Mungu abadilishe mazingira, na jibu linapokuja linabisha kwenye moyo wetu wenyewe. Hapo wengi hatufungui, kama Roda.

Askofu aliyekaa kijijini

Ndugu zetu Wakatoliki wana historia yao, nayo inafaa kusimuliwa kwa Wakristo wote. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1996 Jimbo la Rulenge, ambalo Ngara na Biharamulo zimo ndani yake, liliongozwa na Askofu Christopher Mwoleka. Katika siku za Ujamaa alifanya jambo lililoshangaza wengi: alikwenda kuishi kama mwanakijiji katika kijiji cha Nyabihanga, akishika jembe pamoja na wenzake.

Mwoleka alifundisha kwamba fumbo la Utatu Mtakatifu halikutolewa ili wataalamu wabishane nalo. Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wanashirikishana uzima, nasi tunaitwa tuishi hivyohivyo: kushirikishana kazi, chakula, huzuni na mali. Alikuwa miongoni mwa sauti zilizosukuma mbele jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Leo Mkatoliki yeyote wa Rulenge, Kabanga au Biharamulo anajua siku ya jumuiya yake, na anajua kwamba akifiwa, jumuiya ndiyo itakayofika kwanza.

Vijiji vya Ujamaa vingi havikutimiza yale yaliyotarajiwa na serikali. Lakini jumuiya ndogondogo zipo mpaka leo. Mara nyingi kilichobaki kinazidi thamani kile tulichokuwa tukikitazama.

Mwaka 1994: swali gumu

Hatuwezi kuandika makala kama hii Ngara na kuruka mwaka 1994. Mtu angekuwa na haki ya kutuuliza: kama Gahini ilibarikiwa hivyo, mbona Rwanda ikachinjana? Makanisa ambayo watu walikimbilia yaligeuka mahali pa mauaji, mojawapo likiwa Nyarubuye, si mbali na Rusumo. Miili ilielea mto Kagera mpaka Ziwa Victoria, na watu wa mwambao wakaacha kula samaki.

Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika kuvuka daraja la Rusumo, na ndani ya muda wa siku moja hivi walifika wapatao 250,000. Walikuwa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima ya Ngara. Eneo la Benaco, lililoitwa kwa jina la kampuni ya Italia iliyokuwa imepiga kambi ya ujenzi wa barabara, likawa mji wa mahema usiokuwa na mwisho machoni. Wenye damu mikononi na wasio na hatia walivuka daraja lilelile, wakalala kwenye majani yaleyale.

Hayo hatuthubutu kuyaita baraka. Anayeyaita hivyo hajawasikiliza waliofiwa. Tunasema mambo mawili tu.

La kwanza, baraka ya jana hailindi watu wa leo. Uamsho uliwafundisha watu kukiri wizi, uzinzi na ulevi. Chuki ya kabila ni dhambi iliyojificha ndani zaidi, na wengi hawakuileta nuruni. Walikuwapo Wakristo waliokataa kuua na wakafa na jirani zao, na ushuhuda wao ni wa thamani. Walikuwapo pia walioimba nyimbo za wokovu na kushika panga. Kila kizazi kinapaswa kutubu dhambi zake chenyewe, hata zile ambazo wazazi wake walizinyamazia.

La pili, watu wa Ngara waligeuka chombo cha kuazimwa. Kabla misaada ya kimataifa haijajipanga, ni wenyeji waliotoa maji, ndizi na mahali pa kulaza watoto. Hospitali ya Murgwanza ilipokea wagonjwa wengi kupita uwezo wake. Wenyeji walilipa gharama: misitu ilikatwa kwa kuni, mazao yaliibwa shambani, usiku ukawa wa hofu. Sehemu kubwa ya wakimbizi wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996, lakini makovu kwenye vilima vyetu yaliendelea kuonekana.

Katika mazingira hayo, mwaka 1995, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha redio hapa Ngara, na jina lake likawa Kwizera. Kwa Kirundi na Kinyarwanda neno hilo hubeba maana ya kuamini na ya kutumaini kwa pamoja. Kabla ya hapo redio nyingine ilikuwa imetumika nchini Rwanda kuchochea mauaji. Kuchagua jina la kuamini na kutumaini kwenye chombo cha aina ileile, katikati ya mahema, kulikuwa tendo la imani.

Tofauti ya kutumainia na kufanya biashara

Kutokana na Maandiko na historia hii, tunaweza sasa kutenganisha mambo mawili yanayofanana kwa sura.

Anayefanya biashara na Mungu huja na bei. Anatoa kiasi fulani na anatarajia faida fulani kwa tarehe fulani. Isipopatikana, mhubiri humwambia imani yake ni ndogo, naye hutoa tena. Katika biashara hiyo Mungu hawezi kamwe kutoa zaidi ya tunavyowaza, kwa sababu sisi ndio tumeshaandika risiti.

Anayemtumainia Mungu huja na hitaji na kumwachia Mungu ukubwa na umbo la jibu. Anaomba wazi, hata kubwa, bila kuona haya. Lakini anajua kwamba jibu linaweza kuwa kama la Paulo katika 2 Wakorintho 12, aliyeomba mara tatu mwiba uondolewe, akapewa neema ya kuubeba. Mama mwenye mtoto mgonjwa wa selimundu, aliyeomba miaka yote, hajaombea bure. Tusimwongezee mzigo kwa kumwambia kuna kitu hajafanya. Yesu alipoulizwa juu ya kipofu tangu kuzaliwa, alikataa kumtafutia mtu wa kulaumiwa.

Na ikiwa umeambiwa uuze shamba la watoto au uache dawa za hospitali ili baraka ije, ndugu yetu, simama hapo. Mjane wa Elisha aliagizwa alipe deni lake na aishi na wanawe kwa kilichobaki. Nabii hakuondoka na chupa hata moja.

Tuanzie wapi

Wapo watakaosema: sawa, tumeelewa, lakini kesho asubuhi tufanye nini? Tunapendekeza mambo manne madogo.

Ongeza jirani katika sala yako. Ukiomba mvua kwa shamba lako, taja pia shamba la yule mliyegombania mpaka. Utaona sala inavyokuwa ngumu, na hapo ndipo inapoanza kukua.

Kusanya vyombo. Kama unaomba watoto wasome, nenda shuleni uonane na mwalimu. Kama unaomba shamba lipone mnyauko, ng'oa na ufukie mashina yenye ugonjwa kama mabwana shamba wanavyoelekeza, na usafishe panga lako kabla ya kuingia shamba jingine. Mafuta yalikuwa ya Mungu, lakini mbio za kuazima vyombo zilikuwa za mama na wanawe.

Tengeneza na mtu mmoja. Kinuka alianza kwa kuomba msamaha kwa wafanyakazi wenzake. Pengine baraka unayoisubiri kwa miaka imesimama nyuma ya neno moja ambalo hujamwambia ndugu yako, mke wako au jirani yako.

Simulia. Wazee wetu waliouona uamsho wanaondoka mmoja mmoja, na walioshuhudia 1994 wakiwa watu wazima sasa wana mvi. Wakae na wajukuu wawaambie. Asiyejua Mungu alifanya nini jana atamwomba madogo leo.

Tulianza na sala ya jioni ya nyumba ya kawaida ya Ngara au Biharamulo. Hatukushauri uiache. Omba mvua, omba ada, omba homa ishuke. Halafu kabla ya Amina nyamaza kidogo, uache nafasi kwa jambo ambalo hujaliwaza. Likibisha hodi usiku, hata kama limekuja na sura usiyoitegemea, usibishane na Roda. Nenda ukafungue.